Mifuko Miwili ya Chaza

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku alifuatana na shangazi yake ufukweni. Wanafunzi wenzake walimpa jina hilo la utani kwa sababu mdomo wake haukutulia. Shangazi alikuwa mtaalamu wa maabara, na kazi yao ilikuwa kutoa chaza katika vizimba vya waya vilivyozamishwa majini.

"Chaza hana siri, kama wewe tu," shangazi alimtania. "Mchana kutwa anavuta maji na kuyachuja, uchafu unabaki mwilini mwake. Tukimpima, anasema yote!"

Jumamosi moja walitoa chaza kumi mtoni, pale maji yanapoingia baharini, na kumi karibu na karakana ya mashua. Chiriku alipaswa kuandika lebo. Lakini alipiga soga njia nzima, na walipofika maabara ndipo alipoikagua mifuko. Mifuko miwili ilifanana, wala hapakuwa na lebo hata moja!

Shangazi alikuwa akivaa glavu. "Nikibahatisha, nani atajua?" Chiriku aliwaza, kalamu mkononi. Kisha akawafikiria akina mama wanaookota chaza kule mtoni wakapike nyumbani. Akaweka kalamu chini.

"Shangazi, nimeharibu. Sikuandika lebo. Sijui upi ni upi."

Shangazi alimtazama, akavua glavu. "Vizimbani wamebaki wengine, lakini maji yanajaa. Twende mbio!"

Walikimbia kweli kweli. Kwenye kizimba cha mwisho maji yaliwafika kiunoni, na wimbi likamlowesha Chiriku hadi nywele. Alicheka, akaishika lebo juu isilowe. Safari hii alikuwa ameandika kabla hata ya kufungua mfuko.

Jumatano majibu yakatoka. Chaza wa mtoni walikuwa salama. Wa karakana walikuwa na shaba nyingi kupita kiasi.

Fundi wa mashua alipoonyeshwa karatasi, alijikuna kichwa. "Kumbe ni rangi kuukuu tunazokwangua! Zina shaba, na zote zinaangukia majini. Leo leo natandika turubai chini ya mashua."

Siku hiyo hiyo bango la kukataza kuokota chaza likasimamishwa karibu na karakana. Chiriku alirukaruka kwa furaha, akamkumbatia shangazi.

"Kosa lako tulilirekebisha kwa saa moja, mwanangu," shangazi alimwambia. "Ungelificha, huenda bango hili lingesimama mtoni, na watu wangekuja huku kuokota sumu. Ukikosea, sema mapema."