Chupa ya Kahawia Iliyovunjika

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kifungua kinywa, Corliss alimsaidia bibi yake kuosha chupa. Bibi Lavonne alikuwa na shamba nje kidogo ya mji wa Salmon, jimboni Idaho, na jikoni mwake alitengeneza maji ya fedha, aliyoamini kuwa ni dawa. Alitumbukiza nyaya mbili za madini ya fedha katika maji yasiyo na chumvi hata chembe, akapitisha umeme mdogo wa betri, kisha akayahifadhi katika chupa ya kahawia.

"Kioo cheupe kinapitisha mwanga," alizoea kusema, "na mwanga unayaharibu."

Siku hiyo Bibi alipotoka kulisha kuku, chupa ya kahawia ilimponyoka Corliss, ikapasuka kwenye sinki. Alizoa vipande, akachukua chupa nyeupe iliyokuwa na achari ya matango, akaisuuza juujuu, akamimina humo maji ya fedha yaliyotengenezwa asubuhi hiyo na kuiweka dirishani. Punde yakawa meupe kama maji yaliyooshewa mchele.

Mchana, Junie, mdogo wake wa miaka mitano, alianza kulia kwa maumivu ya sikio. Alikuwa na homa, na usaha ulimtoka sikioni.

"Njoo, kipenzi changu, nikudondoshee," Bibi alisema. Hakuwa amevaa miwani. Alipapasa dirishani, akaishika ile chupa.

Corliss alitamani ardhi immeze. Kisha akamwona Junie akiinamisha kichwa, akimwamini bibi yake.

"Bibi, usimtie! Nilivunja chupa yako. Hiyo ilikuwa ya achari, na sikuiosha vizuri."

Bibi alivaa miwani, akaiinua chupa kwenye mwanga. "Mungu wangu! Corliss, kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa utanigombeza."

"Ningekugombeza, ndiyo. Halafu ningenyamaza." Alivuta pumzi. "Basi nitengeneze mengine."

"Bibi, tumpeleke kliniki. Tafadhali. Anaungua homa."

Bibi alimgusa Junie kwenye paji la uso, kisha akachukua funguo za gari.

Daktari alichungulia sikio kwa taa ndogo. "Ngoma ya sikio imetoboka," alisema. "Vizuri hamkutia kitu." Bibi alipomweleza habari za maji yake, daktari hakumcheka. "Chumvi ya achari ndiyo iliyoyafanya meupe, mama. Lakini hata katika chupa bora kabisa, hakuna uthibitisho kwamba yanatibu sikio. Na anayeyanywa kwa muda mrefu anaweza kugeuka ngozi rangi ya kijivu, isitoke tena." Akamwandikia Junie dawa.

Baada ya siku chache Junie alikuwa akikimbiza kuku uani. Bibi alizikunja zile nyaya, akazifungia kabatini.

"Nilidhani nawalinda," alimwambia Corliss huku akimkumbatia. "Kosa lako lilikuwa kuficha, langu lilikuwa kutouliza. Ukiharibu kitu, mjukuu wangu, niambie hapohapo. Chupa tutanunua nyingine. Sikio la Junie tungelinunua wapi?"