Kanda Alizoziacha Alonzo Teasdale

"Rudisha sindano nyuma kidogo," alisema Shemasi Purvis. "Hapo hapo. Sasa sikilizeni mkono wa kushoto."

Winfred Pettus akairudisha sindano. Watu waliokaa kwenye viti vya kukunja, katikati ya makabati ya santuri, wakanyamaza kama waumini. Nje theluji ya Detroit ilikuwa ikiyafunika magari. Ndani ya duka la Mama Ernestine ikabaki piano peke yake, mkono wa kushoto ukitembea bila haraka, wa kulia ukiuzungukazunguka kwa utani.

"Vidole vile aliazimwa na malaika," Shemasi alinong'ona.

"Malaika gani anapepesuka vile?" Mama Ernestine aliuliza kutoka kwenye kaunta. "Mimi Alonzo nilimwona kwa macho yangu. Usiwasingizie malaika."

Wakacheka wote, isipokuwa mwanamke mmoja aliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango. Delphine Mabry alikuwa amebana pumzi. Miezi minane sasa alikuwa akija hapa kila Jumapili baada ya ibada, na kila santuri ya Alonzo Teasdale ilipowekwa, alifumba macho.

"Nina habari," Winfred alisema, akiifuta santuri kwa kitambaa. Kazi yake ilikuwa ufundi wa lifti, lakini hapakuwa na mtu Detroit nzima aliyemjua Alonzo kama yeye. "Ile kampuni ya New York imenipigia tena. Wanataka kutoa kanda ambazo hazijawahi kusikika, na mimi niandike maelezo ya jalada."

"Kwani kanda zipo kweli?" Shemasi aliuliza.

"Zipo. Mpiga ngoma wake aliapa kabla hajafa. Alonzo alikuwa akijirekodi nyumbani kabla hajahamia Ulaya. Kanda zilibaki kwa mkewe, na sasa ziko kwa binti yake. Tatizo ni huyo binti. Hata jina lake hawalijui; anaandikiwa barua kupitia kwa wakili wa marehemu mama yake, hajibu."

"Labda naye kafa."

"Angekuwa kafa barua zingerudi. Anazikalia tu. Mtu wa hivyo moyo wake jiwe, Shemasi. Baba ameiachia dunia zawadi, yeye anaifungia kabatini."

Delphine aliinama, akaanza kufunga vifungo vya koti lake polepole.

Kabati lenyewe lilikuwa chumbani kwa marehemu mama yake. Kanda zilikuwa chini ya makofia ya kanisani, zimefungwa kwenye shuka. Alonzo Teasdale aliondoka bila kuaga, Delphine akiwa na miaka mitano, akaenda Copenhagen, na hakutuma hata salamu mpaka alipozikwa hukohuko. Jina la Mabry lilikuwa la mama. Mama alipofariki, Delphine alizikuta zile kanda, na barua za kampuni zikaanza kuja kupitia kwa wakili. Akazitupa. Kisha akasikia kuna watu wanaokutana kumsikiliza baba yake, akaja kuwaona, akiwa amejiandaa kuwadharau. Muziki ukampokonya dharau yake siku ya kwanza.

Winfred alimfuata nje na kikwaruzio cha barafu, akaanza kumkwangulia kioo cha gari kama alivyozoea.

"Leo umenuna," alisema.

"Nimechoka tu. Nimetoka zamu ya hospitali moja kwa moja kwenda kanisani."

"Kwenye kikao huwa husemi neno. Wenzako wanagombania kila noti, wewe kimya. Unamsikia nini hasa yule mzee?"

Delphine alifikiri. "Namsikia anavyonyamaza. Pale anapoacha kupiga, halafu wewe unabaki unangoja."

Winfred akaacha kukwangua. "Zaidi ya miaka thelathini namsikiliza, na hakuna aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Njoo kwangu Ijumaa. Nitakaanga kambare."

"Unajua kupika wewe?"

"Mke wangu aliponiacha alichukua kila kitu, ila sufuria alisahau. Nikajifunza."

Basi ndivyo mapenzi yalivyoanza, watu wazima wawili waliovuka hamsini, Ijumaa baada ya Ijumaa, kambare na mboga za majani na santuri moja tu kwa jioni, maana Winfred alisema mbili ni ulafi. Kila Ijumaa Delphine alijiambia, leo nitasema. Na kila Ijumaa alirudi nyumbani hajasema.

Siku moja ya Machi walikuwa mezani. Simu ya Winfred ikalia karibu na bakuli la mchuzi. Akaisoma, akaacha kutafuna.

"Nani?" Delphine aliuliza.

Akamsogezea simu. Ujumbe ulikuwa wa Bwana Garvin wa ile kampuni:

*Tumempata binti wa Teasdale. Yuko hapohapo Detroit, ni muuguzi, anaitwa Delphine Mabry. Unamfahamu?*

Delphine akaweka uma chini.

"Delphine. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Muda wote huu? Umekaa kwenye kiti changu, unaniacha nakueleza baba yako alizaliwa wapi?"

"Nilikuwa sijui alizaliwa wapi, Winfred. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Ungenikatiza hata siku moja tu. Nimejifanya mwalimu mbele yako kama mpumbavu."

"Ningekukatiza vipi? Ulisimama mbele ya watu ukasema moyo wangu jiwe."

"Sikujua ni wewe."

"Ungejua ungesema nini? Ungenikwangulia kioo, au ungenikwangulia kabati?"

Winfred akaichukua simu, akailaza kifudifudi mezani.

"Umeona?" Delphine alisema, akisimama. "Hujui. Na mimi sitajua kamwe. Kuanzia leo kila ukinishika mkono nitajiuliza unashika wangu au wa Alonzo."

"Kaa chini, mpenzi. Tuongee."

"Asante kwa chakula."

Alilia garini mpaka kioo kikafanya ukungu.

Jumapili iliyofuata hakwenda dukani. Wala iliyofuata. Alingoja simu ya kubembelezewa kanda, na jibu alikuwa nalo tayari, la kumchoma. Winfred hakupiga. Alituma ujumbe mmoja tu:

*Nilikosea kumhukumu mtu nisiyemjua. Na wewe ulikosea kunificha. Nakukumbuka. Kioo chako nani anakukwangulia?*

Delphine aliusoma akautafuta uongo ndani yake. Neno kanda halikuwemo.

Aliyempigia kuhusu kanda alikuwa Bwana Garvin mwenyewe, sauti laini kama mafuta.

"Bi Mabry, urithi huu ni wa dunia nzima."

"Dunia nzima haikunilea, Bwana Garvin. Na mwambieni Winfred Pettus asiwatumie ninyi badala ya kuja mwenyewe."

"Bwana Pettus? Huyo ametukatalia. Tulimwomba aongee nawe akasema hawezi kukuomba kitu hicho. Alisema tukiendelea kumtaja kwenye jambo hili tutafute mwandishi mwingine wa jalada. Na nikuambie ukweli, bibi, mtu huyu ameiota kazi hii maisha yake yote."

Delphine alikata simu, akakaa kwenye kitanda cha mama yake akilitazama lile kabati. Kisha akampigia Winfred.

"Una mashine ya kuchezea kanda za zamani, zile za magurudumu makubwa?"

"Ninayo."

"Ilete Jumamosi asubuhi. Sijakusamehe. Sina mashine tu."

"Sawa," alisema Winfred. "Nitaleta mashine tu."

Alikuja amevaa suti, kama anakwenda msibani au harusini, hakujua kipi. Walipolifungua shuka, hakuthubutu kuzigusa kanda; Delphine ndiye aliyepachika ya kwanza, Winfred akielekeza.

Magurudumu yakaanza kuzunguka. Mwanzo ilikuwa mvumo. Kisha kiti kikalia, mtu akakohoa. Kwa mbali kifuniko cha sufuria kikagongana na sufuria.

"Huyo ni mama," Delphine alisema. "Anapika."

Sauti ya mwanamume ikahesabu kwa upole: moja, mbili. Delphine akashika ukingo wa meza. Alikuwa na miaka hamsini na mitano na hakuikumbuka sauti ya baba yake mpaka dakika ile.

Kisha piano.

Hata Winfred, aliyejua kila santuri kwa moyo, hakuwahi kuyasikia yale. Hapakuwa na klabu, wala makofi, wala mpiga ngoma wa kumsukuma. Alianza na noti moja, akairudia, akairudia tena, kama anayegonga mlango wa watu waliolala. Halafu mlango ukafunguka. Mikono miwili ikawa minne, chumba kikajaa, kuta za nyumba ya mama zikaonekana kusogea nyuma kupisha. Sauti zilipanda juu mpaka Delphine akasimama bila kujua kwamba amesimama. Na pale juu kabisa, Alonzo akaacha. Kimya. Wakangoja wote wawili, hawathubutu kutazamana. Aliporudi, alirudi na wimbo mdogo wa kanisani, ule ambao kila mtoto wa mtaa ule aliufahamu, akaupiga kwa vidole viwili, wazi, bila pambo lolote.

Winfred alikuwa amefunika uso kwa mikono.

Walisikiliza kanda zote, moja baada ya nyingine, wakasahau kula. Alonzo hakusema tena lolote zaidi ya kuhesabu. Ya mwisho ilipokwisha, utepe ulibaki ukipigapiga kwenye gurudumu, na Delphine akaizima mashine.

"Hakunitaja," alisema. "Nilifikiri labda mahali fulani atasema jina langu. Nilikuwa ndani ya nyumba hii hii."

"Hakukutaja," Winfred alisema.

"Mtu mwingine angenidanganya. Angesema, upo ndani ya muziki."

"Ningependa sana kukuambia hivyo, Delphine. Ila sijui kama ni kweli."

Hapo ndipo alipomsamehe. Alimwegemea begani, na suti ile ya msiba au harusi ikalowa machozi.

"Nitawapa kanda," alisema baadaye. "Maana ni kubwa kuliko yeye, na kuliko mimi pia. Lakini jalada liseme kweli. Kwamba aliondoka. Kwamba mama yangu, Idella Mabry, alifua mashuka ya hospitali mpaka mgongo ukapinda, na bado akazitunza kanda za mtu aliyemtupa. Na uandike wewe."

Winfred alilitazama gurudumu la kanda. "Nimempenda mtu huyu tangu nina miaka kumi na tisa."

"Najua."

"Itaniuma."

"Basi iandike ikikuuma."

Aliandika. Bwana Garvin alipiga simu siku alipoyasoma maelezo hayo.

"Kaka Pettus, watu hawanunui muziki wasome ugomvi wa nyumbani. Ondoa aya ya mke."

"Ukiondoa mke hakuna kanda. Yeye ndiye aliyezihifadhi."

"Nitamtafuta mwandishi mwingine."

"Mtafute. Halafu umpeleke kwa Delphine akaombe ruhusa."

Aya ilibaki.

Mwaka uliofuata, siku santuri mpya zilipofika dukani, watu walisimama mpaka mlangoni. Shemasi Purvis alivaa miwani, akasoma jalada, akalibamiza gotini.

"Winfred, ulikuwa na haja gani ya kuanika nguo chafu za marehemu?"

"Nguo ni zangu, Shemasi," sauti ilitoka nyuma.

Wote wakageuka. Delphine alikuja mbele.

"Alonzo Teasdale ni baba yangu. Aliyefua nguo hizo ni mama yangu. Kila kilichoandikwa hapo nimekisoma mimi kwanza."

Shemasi alimtazama usoni, akavua kofia, akainuka kwenye kiti cha mbele ambacho hakuna aliyewahi kumwona akimwachia mtu.

"Kaa hapa, binti," alisema. "Nisamehe mzee wako."

Winfred akaweka sindano. Kifuniko kikagonga sufuria, sauti ikahesabu. Na watu wale waliozoea kubishana juu ya kila noti hawakubishana. Shemasi alisikiliza mdomo wazi. Mama Ernestine, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alilia akiwa ameshika risiti mkononi. Upande wa kwanza ulipokwisha watu walifuta macho.

Mama Ernestine ndiye aliyejikusanya. "Haya wewe fundi wa lifti. Mwanamke huyu utamwoa, au unangoja naye atolewe kwenye santuri?"

"Nimeshamwomba. Asubuhi ya leo."

"Kakujibu nini?"

"Nimekubali," Delphine alisema. "Nimempa sharti moja tu. Akitoka, aage."

Walifunga ndoa mwezi wa Mei katika kanisa la Shemasi. Na mpaka leo, hata akienda dukani kuchukua maziwa tu, Winfred Pettus husimama kwanza mlangoni na kofia mkononi.

"Delphine," husema. "Natoka. Narudi sasa hivi."