Nyaboke na Feni ya Kompyuta

Tulieni niwaeleze, watu wa Awendo na ninyi mlio mbali, maana jambo hili lilitokea katika nyumba ya watu wanaosali na kuimba kutuzidi wengi wetu.

Nyaboke na mumewe Motari walikuwa na chumba kinachotazama barabara ya malori ya miwa. Humo walichapa barua, maombi ya kazi na programu za mazishi. Kompyuta ilikuwa moja, na aliyeitumia ni Kemuma, dada yake Motari, mjane aliyefukuzwa na wakwe huko Magunga. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa kimbilio lake la pekee. Asubuhi walikunywa chai pamoja, wakasali, kisha kila mtu akashika kazi yake. Miaka minne hapakuwa na neno.

Nyaboke alijua kufuma. Viti, redio, friji, vyote alivivisha vitambaa, na kompyuta nayo aliifumia cha buluu chenye nyuzi ndefu za kuning'inia, ili masizi ya miwa iliyochomwa yasiingie ndani.

Jumatatu moja Kemuma alipowasha kompyuta, skrini ilibaki nyeusi ikaandika kwamba feni ya kupooza mashine haizunguki, na anayetaka kuendelea abonyeze kitufe cha F1. Alibonyeza, ikawaka. Kesho yake onyo likarudi.

"Wifi," Kemuma akasema, "hii mashine inapumulia nyuma. Tukiwa tunaiwasha, tutoe kitambaa kwanza."

Nyaboke alitabasamu, lakini neno lilimchoma. Alikifuma kitambaa hicho kwa wiki mbili. Kumbe huyu hapendi kazi ya mikono yangu, akawaza. Tangu siku hiyo kila alipokikuta kimekunjwa kitini alikirudisha juu ya mashine, akakivuta vizuri hadi nyuma.

Wiki iliyofuata alimkuta Kemuma amefungua mashine, ana bisibisi mkono mmoja na makasi mkono wa pili.

"Unatoa nini humo?"

"Ni nyuzi za kitambaa, wifi. Zimeshika feni. Si uone."

Jamani, angetazama tu! Lakini macho yake yalikuwa kwenye bisibisi. Huku kwetu kila mtu amesikia habari za fundi aliyechomoa RAM nzuri, kile kipande cha kumbukumbu ya kompyuta, akarudisha mbovu, na Nyaboke alizisikia zote akaziamini zote. Motari aliposema wapeleke mashine kwa fundi kule Suna, alimkatiza.

"Wakitoa RAM, wewe utajua? Na huyu dadako amejifunzia wapi kufungua mashine? Anatoa vitu pole pole, afungue biashara yake. Mimi si mjinga."

Motari akanyamaza. Nami namlaumu kwa kunyamaza huko, maana alimjua dada yake tangu utotoni.

Nyaboke akachukua rangi ya kucha, akapaka kila skrubu kidogo. Asiyefungua hatabandua rangi, akajiambia. Siku tatu baadaye rangi ilikuwa imebanduka. Akahisi ushindi, na ushindi huo ulikuwa mchungu kuliko alivyotarajia, ila hakusimama kujiuliza kwa nini.

"Nimekushika," alimwambia Kemuma wakiwa mezani. "Umeuza nini?"

"Sijauza kitu. Nilikuwa natoa nyuzi tena. Nikikuambia unakasirika, ndiyo maana nikanyamaza."

"Ulinyamaza kwa sababu uko na hatia!"

Kemuma alimtazama kaka yake. Motari alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka. Basi mjane akaingia chumbani, akafunga mkoba wake. Mlangoni Nyaboke akamzuia, akaupekua mkoba mbele ya wanawake wawili wa kanisani waliokuja kuchapisha ratiba ya mafungo. Alitoa nguo moja moja, mpaka za ndani. Hakupata kitu ila Biblia, magauni mawili na picha ya marehemu. Kemuma alikusanya vitu vyake kutoka sakafuni bila kulia, akaenda Homa Bay kwa rafiki yake.

Sasa hapakuwa na wa kutoa kitambaa wala wa kukata nyuzi. Nyaboke alibonyeza F1 kila asubuhi. Mashine ilianza kuchemka, ikawa inajizima, na siku ya tisa ilitoa harufu ya plastiki inayoungua, isiwake tena.

Akaibeba hadi Suna kwa fundi Byron, akaketi goti kwa goti naye, asiondoe macho kwenye vidole vyake. Byron alifungua, akavuta bonge la nyuzi za buluu.

"Mama, hii ndiyo imeua mashine yako. Feni imekabwa, motherboard, ule ubao mkuu wa ndani, imeungua."

"Na RAM?"

"Ziko zote mbili, hazijaguswa. Lakini ona hapa. Kuna mtu amekuwa akikata nyuzi na makasi, mara nyingi. Kama si yeye, hii ingekufa kitambo. Huyo mtu yuko wapi?"

Aibu ilimshika Nyaboke pale pale, akalia mbele ya fundi.

Jumapili alikwenda Homa Bay. Kemuma alimpokea kwa heshima, akampa kiti na chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, wifi. Sina kinyongo."

"Basi twende nyumbani. Kaka yako anakungoja."

"Hapana. Kila kitu kikipotea kwenu, nitakuwa natazama uso wako nione kama ni mimi unafikiria. Siwezi kuishi hivyo. Kunywa chai, gari lisikuache."

Nyaboke akanywa chai yote, akarudi Awendo peke yake.

FUNZO

Ndugu zangu, mashine ikitoa onyo, izimeni, ifungueni, mtafute kosa lilipo, wala msizoee kubonyeza na kuendelea. Na mkimshuku mtu wa nyumbani, msikilizeni kabla ya kumpekua. Nanyi mnaojua ukweli mkakoroga chai, mna sehemu yenu katika kosa. Kompyuta nyingine Motari na mkewe walinunua. Anayeketi mbele yake leo ni mtu wa kuajiriwa, na Nyaboke humpekua kila jioni.