Dominika Alipouma kwa Nguvu

Kila msimu wa korosho, Dominika wa Kitangari alichoma korosho uani na kuzibangua kwa meno. Wenzake walitumia jiwe. Yeye aliwacheka, akisema jiwe ni la vikongwe. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Fizi zake zilikuwa zikitoka damu siku nyingi, naye alinyamaza tu. Meno ya nyuma yaling'oka. Ya mbele yakaanza kucheza.

Mumewe, Alfredi, alimpeleka Masasi kwenye kliniki ya meno. Fundi aliingiza kamera ndogo mdomoni, na meno yakaonekana kwenye kompyuta. Kisha akamwambia aume, ili kamera ione meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Dominika aliogopa wataona meno yamelegea na kuyang'oa. Akauma kwa nguvu zote, kama anabangua korosho. Kwa picha hiyo alitengenezewa meno ya bandia.

Meno hayo yalimtesa. Kila akifumba mdomo, upande mmoja ulitangulia kugusa. Aliona aibu kurudi, akavumilia. Jino lililoshikwa na waya wa meno hayo lilizidi kulegea, na asubuhi moja likabaki kwenye kipande cha muhogo.

Dominika alikata tamaa kabisa. Aliacha kwaya. Alishinda jikoni peke yake akilia.

"Baba Flora, niache," alimwambia mumewe. "Yote yatakwisha hivi hivi. Nitakuwa mtu wa uji mpaka kaburini."

Alfredi hakubishana naye. Kesho yake alimrudisha Masasi.

Safari hii walimkuta daktari mwenyewe, Yasmini, wa rika la binti yao Flora. Alimwamkia shikamoo, akamkagua, akamwomba aeleze aliuma vipi siku ile. Dominika alieleza yote.

"Mama Flora, jino linalocheza ni kama nguzo kwenye mchanga," Yasmini alisema. "Ukiisukuma, inalala. Ulipokaza, meno yalilala, na kamera ikayapiga picha hivyo. Ulipoachia, yakarudi. Ndiyo maana meno ya bandia hayakukaa sawa. Na sisi tulikosea, hatukukuelekeza."

"Na hili lililong'oka?"

"Hilo halirudi, mama. Ungekuja meno haya yalipoanza kukuumiza, huenda tungeliokoa."

Dominika alilia tena, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kwanza fizi zilitibiwa, na uchafu mgumu ukakwanguliwa. Alifundishwa kupiga mswaki asubuhi na usiku, mpaka penye fizi. Zilipopona alipigwa picha upya, akigusanisha meno polepole bila kukaza. Picha ilirudiwa, na zote mbili zikalinganishwa kuona kama zinafanana. Meno mapya yalipokuja, Yasmini alimpa karatasi ya rangi aume, akaona panapogusa zaidi, akapasaga kidogo.

Meno ya Dominika yaliyobaki bado yanacheza kidogo. Anajua hayatakuwa tena kama ya ujana, na jambo hilo linamuuma moyoni mpaka leo. Lakini kabla ya kupata meno mapya alikuwa akiacha ugali nusu na kudanganya kuwa ameshiba. Sasa akisema ameshiba, sahani ni tupu.