Nukta Nyekundu ya Kipanga

Ndugu zangu mnaosoma, nataka kuwasimulia habari za nyumba moja iliyokuwa na amani. Nitasema polepole, maana waliomo ni watu wema, na kosa la mtu mwema huuma zaidi.

Kila alasiri mama wa nyumba hiyo, mshonaji, aliketi barazani na cherehani yake. Mumewe akirudi kutoka kazini alivua buti, akakaa kando yake na kumtungia uzi kwenye sindano. Hakujaribu mara mbili.

"Mimi nimeolewa na macho," mshonaji aliwaambia wateja. "Huyu mwenyewe kayafuata tu."

Mume huyo alikuwa mwindaji wa idara ya wanyamapori. Nyati akijeruhi mtu shambani, yeye ndiye aliyetumwa na ile bunduki nzito ya risasi nene. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyemwona mnyama kabla yake, ndiyo maana watu walimwita Kipanga. Mbele yake, akisoma nyayo, alitangulia shemeji yake, mdogo wa mshonaji, baba wa watoto wawili.

"Ukimrudisha na mkwaruzo," mshonaji alimwambia mumewe kila safari, "utalala na kuku."

Basi alasiri moja uzi ukakataa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Uzi wa siku hizi mbovu," Kipanga alisema, akaiweka sindano chini.

Kesho yake mshonaji alinunua sindano za tundu kubwa, wala hakumwambia.

Baada ya miezi michache Kipanga akaanza kuilaumu darubini ya bunduki yake. Idara ikamruhusu achague mpya, akaenda kwa fundi bunduki, mtu mnene asiyeishiwa utani. Fundi alipanga darubini tatu juu ya kitambaa. Zote zilikuwa na nukta nyekundu inayowaka katikati ya kioo, ya kumwezesha mtu kulenga mnyama mweusi kwenye kichaka chenye giza.

"Chukua hii isiyokuza sana," alisema fundi. "Nyati hatafutwi kwa mbali, bwana, anakuja mwenyewe. Akifika hatua ishirini, hii itakuonyesha nyati mzima. Ile kubwa itakuonyesha manyoya, usijue ni ya kichwa au ya mkia."

"Nataka ile kubwa."

"Haya. Lakini nukta usiipandishe. Jioni iwe hafifu kama kaa linalotaka kuzima. Ukiiwasha sana, inammeza mnyama."

Kipanga aliweka jicho, akaelekeza darubini kwenye ukuta wa ghala ng'ambo ya barabara. Akazungusha kirungu cha mwanga hadi mwisho.

"Hii mbovu. Nukta imechanua kama ua."

Akajaribu ya pili. Nayo ikachanua. Ya tatu vilevile.

Fundi alizichukua, akachungulia moja moja. Katika zote tatu nukta ilikuwa ya mviringo, ndogo kama kichwa cha pini. Akafungua kinywa aseme. Kisha akawatazama wateja wengine waliosimama pale, akamtazama mtu aliyeitwa Kipanga miaka ishirini na miwili, akafunga kinywa.

"Labda vumbi," alisema, akavifuta vioo visivyo na vumbi.

Mnaona, ndugu zangu? Hakuwa na nia mbaya. Alimwonea haya.

Kipanga alichukua ile kubwa. Siku ya kuijaribu aliisogelea mno ili aone, na bunduki ile, ambayo hupiga teke kama punda, ikamgonga na ukingo wa darubini juu ya nyusi. Alirudi nyumbani na jeraha la umbo la mwezi mchanga.

"Nani kakung'ata?" mkewe aliuliza, akilisafisha kwa maji ya uvuguvugu.

"Darubini."

"Ulikuwa unaibusu?" Akalipuliza jeraha kama anavyopulizwa mtoto. Kisha, kwa sauti ndogo: "Mume wangu, unaniona vizuri?"

"Nakuona tangu ulipokuwa mwembamba."

Wakacheka, na swali likafia hapo.

Shemeji naye alikuwa amegundua. Porini alianza kunong'ona, "Kulia, nyuma ya mti uliopasuka," akidhani anasaidia.

Ndipo nyati mwenye jeraha la mtego alipomrusha mwanamke aliyekwenda kuchota maji. Kipanga na shemeji yake wakamfuata nyati huyo tangu asubuhi. Jua lilipokuwa linazama, nyayo ziliingia kichakani. Shemeji akatangulia ameinama, akakizunguka kichuguu kikubwa na kutokea upande mwingine.

Kipanga alisikia majani. Akainua bunduki. Ndani ya kioo mlikuwa na ukungu, akaizungusha nukta hadi mwisho. Ikachanua, nyekundu, ikatanda. Nyuma ya nukta kulikuwa na kitu cheusi, cha chini, kinachosogea. Akafungua kizuizi cha usalama cha bunduki. Kidole kikagusa kifyatulio.

"Shemeji," kile cheusi kikasema taratibu, "ni mimi."

Kipanga aliishusha bunduki. Akatoa risasi moja baada ya nyingine, akamtilia shemeji yake mkononi, kisha akakaa chini kwenye majani.

"Hapo uliposimama," alisema, "sioni uso wako."

Shemeji akakaa kando yake. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita. Ningekuambiaje? Wewe ni Kipanga. Nilikuheshimu."

"Na wanao ningewaambia nini? Kwamba baba yao alikufa kwa kuniheshimu?"

Shemeji alimshika kiwiko, wakatoka kichakani mwendo wa pole. Kesho yake wawindaji wengine walimmaliza nyati yule. Kipanga alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake, akarudisha bunduki na kusema ukweli. Nyumbani, shemeji alipokwisha kusimulia ya kichakani, Kipanga alisema neno moja tu: "Sioni."

"Najua," mkewe alijibu, akaanza kulia. "Niliogopa kukuvunja moyo. Kumbe nilikuwa namwandalia mdogo wangu kaburi."

Daktari alikuta mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walimpasua. Jicho la kulia lilirudi vizuri. La kushoto, ambalo lilikuwa limecheleweshwa mno, lilibaki na ukungu wake, na kazi ya kichakani ikaishia hapo.

Siku bandeji ilipotolewa, shemeji alikuja na watoto wake wawili. Kipanga alimtazama shemeji huyo, paji la uso, ndevu, kovu la kidevuni, akatazama tena, hadi binti mdogo akachoka kuvumilia.

"Mbona unamtazama baba hivyo?"

"Sijamwona siku nyingi," alisema Kipanga.

Funzo

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hapa kilio kingetokea nyumba ya pili, kwa watoto wasiojua lolote. Macho yakidhoofika si aibu. Ni ugonjwa, na wenye ugonjwa huo hutibiwa. Taa ikiongezwa mwanga haiwezi kuona kwa niaba yetu.

Na sisi tunaowapenda wenye majina makubwa, tusiite ukimya heshima. Fundi alijua, mke alijua, shemeji alijua, na kila mmoja alimngoja mwenzake aseme. Mtu wako akianza kulaumu kila kioo, mshike mkono umpeleke hospitali. Akikasirika, mvumilie. Hasira hupoa, lakini risasi ikishatoka hairudi.