Mkono Juu ya Ufunguo

Wanangu wa kanisa letu na majirani wa mtaa wetu, sogeeni karibu. Nina neno juu ya mkwe wangu, na nitalisema kwa kujivuna, maana kumjivunia mtu mwema si dhambi.

Mwanangu alikuwa dereva wa basi la shule. Watoto walimwita Taratibu, kwa sababu alipita kwenye madimbwi kama mtu aliyebeba mayai. Mkewe, Mama Chiriku, alikuwa mwangalizi wa watoto ndani ya basi hilohilo: kuwapandisha, kuwafunga mikanda, kuwatenganisha wanaofinyana. Chiriku ni mjukuu wangu, msichana ambaye mdomo wake haupumziki hata ukiwa na mkate ndani. Tuliishi sote katika nyumba ya shule, nyuma ya uwanja, na basi lililala kando yetu chini ya paa la mabati.

Asubuhi zetu zilikuwa na amani. Kabla ya chai, Biblia ilifunguliwa mezani, ufunguo wa basi ukalazwa juu yake, nasi tukaweka mikono hapo tukaomba. Baada ya amina, mwanangu aliuchukua akaenda kuwasha basi, huku mkewe akimfuata na kitambaa cha kufutia viti. Wazazi waliijua sala ile. Walisema, "Basi lile halipati ajali. Linakwenda kwa maombi."

Kisha pombe ikabisha hodi. Mwanangu alikuwa amemzika rafiki yake kipenzi, akaanza kuonja kidogo jioni ili apate usingizi. Kidogo kile kikahamia asubuhi, kikajificha katika chupa ya chai chini ya kiti cha dereva. Akawa anamumunya peremende ili asinuke, na watoto wakafurahi kwa kuwa aliwagawia.

"Bibi, siku hizi baba ananukia duka la pipi!" Chiriku aliniambia.

Mimi nilicheka. Mama yake hakucheka.

Siku ile ile niliwasikia jikoni.

"Mbona unanichunguza kama askari?" mwanangu alisema.

"Sikuchunguzi, Baba Chiriku. Nimenusa tu. Pua haiombi ruhusa."

"Ni kidogo. Naacha."

"Uliacha juma lililopita pia."

Aliahidi tena. Lakini ahadi ya mlevi ni umande, jua likipanda huioni. Nami nilisema naye, nikabembeleza, nikalia. Alinishika mikono, akanifuta machozi, kesho yake akainuka na chupa yake.

Mtaniuliza, kwa nini mkewe hakwenda kusema shuleni mapema? Jamani, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kazi zao zote mbili zilikuwa za shule. Nyumba ilikuwa ya shule. Na mume alikuwa wake, si wa jirani. Aliomba, akafunga hadi shingo ikamkonda, akingoja Mungu amwondolee mzigo ule bila yeye kuugusa.

Alasiri moja basi liliacha barabara. Gurudumu la mbele likaning'inia juu ya mtaro, watoto wakapiga mayowe, na Chiriku, aliyekuwa kiti cha mbele, akapasuka mdomo. Wapita njia walilisukuma likarudi barabarani, wakasema ni utelezi tu. Fundi viatu wa pale kona aliacha kibanda chake wazi akambeba mjukuu wangu hadi nyumbani, maana mama yake alibaki na watoto wengine. Simsahau.

Jumapili iliyofuata, mwanangu alisimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Mungu alituma malaika wakalishika basi!" alisema. "Ibilisi ameaibika!"

Kanisa zima likapiga makofi na vigelegele. Mikono ya mkwe wangu ilibaki mapajani.

Tulipokuwa tukirudi aliniuliza, "Mama, hivi Mungu anafurahia makofi yale?"

"Mwulize mwenyewe, mwanangu."

"Nimemwuliza. Kila nikipiga magoti ananiuliza mimi: kesho nani atashika ufunguo?"

Nilimshika mkono tukatembea.

Asubuhi yake tuliketi mezani kama kawaida. Macho ya mwanangu yalikuwa mekundu, na peremende iligonga meno yake. Ufunguo ukalazwa juu ya Biblia. Tukaweka mikono. Safari hii Mama Chiriku ndiye aliyeomba, maneno machache tu: "Bwana, mimi ni mwoga. Nisaidie."

Tukasema amina. Nikaondoa mkono wangu, Chiriku akaondoa wake, mwanangu akangoja. Mkono wa mkwe wangu haukuondoka.

"Toa mkono, nisichelewe bure," mwanangu alisema.

"Sitoi."

"Watoto wananisubiri!"

"Na wasubiri. Heri wachelewe darasani wakiwa wazima."

"Mbele ya mama yangu unanifanyia hivi? Tumeombea basi hili miaka yote! Imani yako imekwenda wapi?"

"Imani ninayo. Ndiyo maana sitoi." Sauti yake ilikuwa ikipasuka. "Baba Chiriku, tumemfanya Mungu utingo wako. Wewe unakunywa, yeye aning'inie mlangoni akikuokotea makosa. Leo ashuke. Mungu si utingo."

Mwanangu alisimama, kiti kikaanguka. Alinyanyua mkono. Mimi nikainuka, na magoti yangu haya mabovu, nikasimama kati yao. Chiriku, aliyekuwa hanyamazi, alikuwa kimya, kidonda mdomoni, akimtazama baba yake. Wanangu, nawaambia, mkono ule wa mwanangu ulishuka kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye kamba. Aliketi sakafuni akajifunika uso.

Mkwe wangu alimmiminia chai, akaiweka karibu naye isije ikamwagika. Ndipo akauchukua ufunguo akatoka.

Nilimsindikiza. Njiani wazazi walikuwa wamesimama na watoto wao.

"Vipi, nyumba ya maombi, leo mmelala?" mama mmoja alitania.

"Leo tumeamka," mkwe wangu alijibu, akapita.

Mlinzi wa geti alipoona anavyotetemeka alimpa kiti chake. Hakukaa. Aliingia kwa mwalimu mkuu, akaweka ufunguo mezani, akasema, "Mume wangu amelewa. Amekuwa akilewa. Asiendeshe watoto." Mwalimu mkuu, mwanamke mkali kwa sura, aliinuka kwanza akafunga mlango na dirisha, ili mwenzake alie bila kuonekana.

Yale aliyoyaogopa mkwe wangu yalitimia. Mwanangu alivuliwa kazi. Nyumba ya shule tukaihama, tukaingia chumba kimoja chenye pazia katikati. Baadhi ya ndugu zetu walisema, "Mke gani huyu anayemwanika mumewe?" Mwanangu mwenyewe alikaa siku nyingi bila kumsemesha mkewe. Naye hakujibu ubaya kwa ubaya. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye basi, kwa maana kazi yake shule ilimwachia, alifungua Biblia ileile mezani, akalaza mkono wake pale ufunguo ulipokuwa ukilala, akamwombea mumewe kwa jina.

Asubuhi moja, alipokuwa ameshafumba macho, mkono mwingine ulikuja ukalala juu ya wake. Mwanangu alisema, "Nipelekeni hospitali. Peke yangu siwezi."

Tulimpeleka sote. Haikuwa njia ya kuteremka. Alianguka akainuka, akaanguka tena, na mchungaji wetu alikuwa akija kuketi naye jioni zilipokuwa ngumu, bila kuhubiri, wakimenya viazi tu. Leo mwanangu ni fundi msaidizi katika karakana ya magari. Ufunguo wa basi anao dereva mwingine, na mwanangu mwenyewe husema, "Ukae hukohuko."

Juzi alisimama tena kanisani.

"Niliwadanganya," alisema. "Nilisema Mungu alilizuia basi kule mtaroni. Labda. Ila najua pale alipolizuia hasa. Alilizuia mezani kwetu, kwa mkono wa mke wangu, na mkono huo ulikuwa unatetemeka."

Kisha Chiriku, kwa sauti yake ile, akasema, "Si mnasikia? Ni mama yangu huyo!" Kanisa likalipuka. Safari hii mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwaka.

FUNDISHO

Ndugu zangu, kumficha mlevi si upendo, na kumwombea huku unampa ufunguo si imani, ni kumjaribu Mungu. Kumtumaini Mungu ni kusema kweli ukijua utapoteza, ukiamini kwamba yeye atakuwa upande wa pili wa hasara ile. Ujasiri si kutotetemeka. Mkwe wangu alitetemeka mwili mzima. Lakini mkono aliouweka juu ya ufunguo hakuuondoa. Wewe nawe, ukimaliza kuomba asubuhi, tazama mkono wako uko wapi.