Mtu wa Kati

Barua ya kwanza yenye kasoro ilianza na maneno mawili: "Mama mpendwa."

Mshonaji aliyasoma akiwa amebana pini mdomoni, akazitoa pini, akayasoma tena. Binti yake hakuwahi kumwita mama mpendwa. Alimwita Bosi, kwa sababu alikulia chini ya cherehani akiokota vifungo na kupokea amri, na hata alipokwenda kusomea uuguzi mji wa mbali, mama akaanza kumwita Daktari, barua zake zote zilianza na "Shikamoo Bosi" na kuishia na utani. Hii haikuwa na shikamoo wala utani. Ilisema tu kwamba yeye ni mzima, mama asijisumbue.

"Labda amekua," alisema shangazi yake, bibi mzee aliyeishi naye chumba cha nyuma.

"Shangazi, mtu hakui kwa siku moja."

Barua ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu. Simu ya binti ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia wiki tatu nyuma, kwa hiyo mama na mwana walibaki kuandikiana kwenye ukurasa wa wazazi wa chuo. Mshonaji aliufungua kwa kompyuta iliyokaa pembeni mwa meza ya kukatia nguo. Aliyeiweka kompyuta pale ni mdogo wake wa kiume, ambaye wote walimwita Waya kwa sababu mifuko yake haikukosa waya. Basi mshonaji akaanza kumtilia shaka. Nani mwingine angeweza kuchezea barua? Kikulacho ki nguoni mwako, na mambo ya nguo yeye aliyajua. Kila Waya alipopita kusalimia, dada mtu alimtazama mikono.

Halafu kulikuwa na harufu. Kila alipoufungua ukurasa ule, chumba kilinuka kama pasi ya moto iliyosahauliwa juu ya kitambaa kibichi. Aliinuka kwenda kuigusa pasi. Ilikuwa ya baridi.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, ukurasa ulikataa kabisa kufunguka. Kioo kikaandika: "Seva ya proksi inakataa muunganisho." Mshonaji akampigia ndugu yake simu.

"Njoo utengeneze ulichoharibu."

"Nimeharibu nini tena, dada?"

"Utakuja kuniambia wewe."

Waya alifika, akavuta stuli, akaanza kupekua. Intaneti ilikuwa nzima. Simu yake iliishika bila shida. Alizima kompyuta akaiwasha. Maneno yakarudi yale yale.

"Ugonjwa uko kwenye kivinjari peke yake," alisema. "Kimeambiwa kipitie kwenye proksi. Proksi ni mtu wa kati. Badala ya kwenda sokoni mwenyewe, unamtuma mtu. Yeye ndiye anajua uliagiza nini, na yeye ndiye anajua amekuletea nini."

"Mimi sijamtuma mtu."

"Kuna mtu katumwa. Ona, anwani yake hii hapa, na hii..." Aliisoma mara mbili. Alipozungumza tena alikuwa ameshusha sauti bila mwenyewe kujua. "Dada, anwani hii si ya mbali. Ni ya kompyuta hii hii. Huyo mtu wa kati yumo humu humu ndani."

"Mtoe, basi."

"Natafuta programu inayofanya kazi hiyo, siioni. Hakuna kitu humu kinachosikiliza, lakini barua zako zilikuwa zinapita kwake."

"Uliweka wewe."

"Haki ya Mungu, siyo mimi! Nisome barua zenu nipate nini? Nyinyi mnaandikiana habari za vifungo."

Mshonaji hakuwa amemwamini, ila aliogopa kidogo alipoona jasho juu ya mdomo wa ndugu yake. Waya akachagua "bila proksi", akabonyeza, na ukurasa wa chuo ukafunguka. Barua zilikuwamo. Siyo zile alizozisoma.

"Shikamoo Bosi," ilisema ya kwanza. "Mbona siku hizi unaniandikia kama polisi?" Ya pili ilisema: "Bosi, umenitisha. Kwa nini niache chuo?" Ya tatu ilikuwa ya asubuhi ile: "Sawa. Nimefunga mizigo. Leo saa kumi mtu wako akibisha nitamfungulia, na sitamuuliza jina, kama ulivyosema. Lakini ujue nimelia."

Juu yake palikuwa na barua yenye jina la mshonaji, ambayo mkono wake haukuiandika: "Mwanangu mpendwa. Atakuja Ijumaa saa kumi. Akipiga hodi, mkaribishe."

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na nusu.

Waya alipiga simu ya bweni. Iliita hadi ikakata. Alipiga tena, ikawa vile vile. Mshonaji akaandika haraka, "Usifungue mlango," akatuma, na papo hapo ukurasa ukatoweka. Seva ya proksi inakataa muunganisho. Waya akaiondoa proksi, ikarudi. Akaiondoa tena, na safari hii waliiona wote wawili ikijirudisha kabla hajainua kidole. Harufu ya pasi ikajaa chumbani. Cherehani, ambayo hakuna aliyeigusa tangu asubuhi, ikashona pigo moja.

"Umeigusa?" mshonaji alinong'ona.

"Mikono yangu si hii hapa unaitazama?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Kabla ya kustaafu, bibi huyu alifanya kazi miaka thelathini kwenye mitambo ya simu, enzi zile za kuwaunganisha watu kwa kuchomeka waya kwa mkono. Kompyuta hakuipenda na hakuificha chuki yake. Alinusa mara moja tu.

"Huyu namjua," alisema. "Hata sisi tulikuwa nao. Watu wawili wanaongea, wa tatu kakaa kwenye laini, anampa huyu sauti ya yule. Ukichomoa waya anakucheka. Lakini jini wa namna hii haingii bila kukaribishwa. Nani kamkaribisha?"

Mshonaji alitaka kusema hakuna. Kisha akakumbuka. Mwezi uliopita kulitokea kisanduku katikati ya kioo, kikiomba jina na nywila bila kueleza kwa nini. Alikifunga. Kikarudi, akakifunga. Kiliporudi mara ya tatu, aliandika jina lake na ile nywila aliyoitumia kwa kila kitu.

"Nywila gani?" aliuliza shangazi.

"Karibu," Waya alijibu kwa niaba yake, kashika kichwa. "Miaka yote nawaambia wabadilishe, yeye na binti yake, nyumba nzima nywila moja! Ni sawa na kulala mlango wazi."

"Mtu anabisha mara tatu, nimwache nje?" Mshonaji alikuwa karibu kulia.

"Usilie, muda hatuna," alisema shangazi. "Aliyekaribisha ndiye anayetoa, sisi wengine atatudharau. Waya, fungua mlango wa mbele. Na wewe mwanangu, sema kwa kinywa chako, usiandike."

Mshonaji alisimama mbele ya kioo, akasema kwamba alimkaribisha bila kumjua, na kwamba ukaribisho huo ameuondoa, na alipotamka neno "toka" cherehani ilianza kushona yenyewe, polepole kwanza, kisha kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauiwezi, sindano ikipanda na kushuka bila uzi wala kitambaa, na kutoka kwenye spika ndogo za kompyuta ikatoka sauti yake mwenyewe, ile ile aliyomlelea mwanawe, ikimbembeleza anyamaze, ikimwita mpendwa, na yeye akaziba masikio akapiga kelele toka, toka nyumbani kwangu, mpaka joto kama la pasi likampita shavuni na pazia la mlango likainuka likaelekea nje.

Cherehani ikasimama. Ukurasa wa chuo ukafunguka.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tatu. "Daktari, ni Bosi," aliandika, akikosea herufi na kuziacha. "Huyo si mtu wangu. Usimfungulie mtu yeyote mlango. Mimi ndiye mama yako wa kile kifungo cha bluu ulichokimeza tukakisubiri siku mbili."

Walingoja. Shangazi alihesabu kitu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Shikamoo Bosi!" jibu likaja. "Anabisha sasa hivi! Anaita kwa sauti yako! Nilishashika kitasa, nimekiachia. Sifungui ng'o." Ikapita dakika nzima. "Ameacha kubisha. Kimya."

Mshonaji alikaa chini sakafuni akalia kwa furaha bila kuona aibu. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikushuku."

"Nilijua. Ulivyokuwa unanitazama mikono, nikadhani unanipimia shati."

Walicheka. Shangazi hakucheka, alikuwa akitazama mlango wa mbele, uliokuwa bado wazi.

"Ulimwambia atoke," alisema taratibu. "Ulimwambia aende wapi?"

Mshonaji hakuwa amemwambia. Aligeukia kioo. Palikuwa na barua mpya ya binti yake.

"Bosi, kompyuta yangu imeleta kisanduku, kinaomba jina na nywila. Nimekifunga mara mbili kinarudi. Nikaweka ile yetu ya siku zote, sasa ukurasa umekubali."

Mshonaji alianza kuandika, vidole vikigongana. Chumbani hamkuwa tena na harufu yoyote. Kabla hajamaliza neno la kwanza, barua nyingine ikaingia.

"Mama mpendwa," ilisema. "Mimi ni mzima. Usijisumbue."